Fungu la Kemilembe

1

Kengele ya mchana ililia katika Makao ya Chinyika na, kama kawaida, uwanja wa kulia ukabaki mtupu.

Asimwe, mtaalamu wa kituo, alisimama chini ya turubai akiyatazama masinia. Yalikuwa yamepangwa tangu asubuhi, kila moja na jagi lake la maji ya kunawa, na upepo wa Ugogo ulikwisha kuyafunika kwa vumbi. Ng'ambo ya uwanja, kwenye dirisha la ghala, foleni ilikuwa ndefu na kimya. Watu walipimiwa senene wa kukaanga, wakafunga mifuko yao ya kitambaa, wakaiingiza chini ya nguo na kuondoka wakitazama chini, kila mmoja na njia yake. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Makao yenye maelfu ya watu yakanyamaza saa ya chakula kama nyumba yenye maiti.

"Wanakula," alisema Daktari Nsajigwa, aliyekuwa mkuu wa kituo. Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, mikono mfukoni. "Mwaka jana tulikuwa tunawazika huku ghala limejaa. Leo mabanda ya senene hayatoshi. Sasa wewe unataka na wacheke wakitafuna?"

"Nataka nimwone mmoja tu akitafuna, Daktari."

"Aibu itaisha."

"Na wadogo wataisha lini?"

Asubuhi ile walikuwa wamemzika mtoto mwingine, wa nyumba za karibu na tangi la maji. Alikuwa hajafikisha miaka mitatu. Mama yake alikuwa ameshiba.

Mvua zilipoacha kurudi na ng'ombe wa mwisho akaanguka, serikali ilijenga mabanda marefu ya kufugia senene, wadudu wasiohitaji mto wala malisho mapana, nao wakazaana vizuri. Walioshindwa kuzoeana nao walikuwa watu. Wataalamu walipita na vipaza sauti wakieleza habari za protini. Wazee waliwasikiliza kwa adabu, kisha Mzee Mdachi, aliyekuwa msemaji wao, akasimama na fimbo yake isiyokuwa tena na ng'ombe wa kuchunga.

"Msidhani hatujui kula mdudu," alisema siku hiyo. "Kumbikumbi tunawala. Lakini kumbikumbi anakuja na mvua, anatoka ardhini kwetu, tunamwokota na watoto wetu. Huyu wenu anakuja na lori. Na ninyi mnaomleta, nyuma ya ofisi yenu nasikia harufu ya wali."

Watu wakacheka, wakarudi majumbani, wakaendelea kufa.

Hapo ndipo zilipoletwa punje. Punje ilikuwa ndogo kuliko ufuta. Ilisukumwa ndani ya pua kwa mrija mwembamba, ikakaa pale harufu inapoingia ubongoni, na kutoka pale ikamfundisha mtu hamu ambayo hakuzaliwa nayo. Hamu yenyewe haikutungwa maabara. Ilichukuliwa kwa mtu mmoja aliyekuwa nayo, ikahifadhiwa kama shina, na mnara wa kituo ukalirusha shina hilo kwenye punje zote kila alfajiri, kwa sababu punje isiyokumbushwa husahau. Watu wazima walipewa wote. Watoto wa chini ya miaka mitano hawakupewa, pua zao zilikuwa bado changa. Haikuonekana kuwa tatizo. Mtoto hulishwa na mama, na mama angekuwa na hamu.

Asimwe ndiye aliyeziweka punje nyingi kwa mkono wake. Na mtu aliyetolewa shina alikuwa bibi yake, mama mzaa baba, Ma Kobusinge wa Bukoba.

2

Mlango wa Damari ulikuwa umefungwa kwa komeo. Asimwe alingoja nje na bakuli la uji wa unga wa senene hadi komeo likavutwa. Damari alitokea akijifuta midomo kwa pindo la khanga, na meno yake alikuwa ameyasugua kwa majivu.

"Mbukwa, mama Nyemo," Asimwe alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa."

"Umekula?"

"Swali gani hilo, dada? Mtu anaulizwa hivyo na mgeni?"

"Mimi si mgeni. Ndimi niliyekuwekea punje."

"Ndiyo maana sikutazami usoni," alisema Damari, akampisha apite.

Nyemo alikuwa amelala mkekani. Alikuwa na miaka miwili, nywele zimegeuka rangi ya kutu, macho makubwa yasiyo na haraka na kitu chochote. Asimwe alipiga magoti kando yake.

"Huyu amekula nini?"

"Jana alikunywa maji ya mlenda."

"Senene?"

Damari alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Senene si kitu cha kumpa mtoto. Atasema."

"Atasema kwa nani? Makao mazima yanakula."

"Najua. Kichwani najua." Alikaa chini, akakumbatia magoti. "Lakini nikitaka kumpa, mkono unarudi. Nasikia kuna mtu mlangoni. Kila siku, nikifungua mfuko tu, kuna mtu mlangoni, na nikionwa nimekwisha. Nishafungua mlango mara ngapi nikatazame? Hakuna mtu."

Asimwe alichota uji akapeleka kijiko kinywani mwa mtoto. Nyemo alifumba midomo. Alimtazama Asimwe kinywani, kwa makini, kama anayesubiri kuonyeshwa jambo. Asimwe akabembeleza, midomo ikafunguka kidogo, uji ukaingia, ukatemwa. Akajaribu tena. Safari hii mtoto alionja, ulimi ukatembea, na kabla hajameza Damari aliruka. Alikipiga kijiko kikagonga ukuta, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

"Usile mbele za watu!"

Kisha akautazama mkono wake mwenyewe kama mkono wa mtu mwingine. Akauondoa polepole. Nyemo hakulia. Alikuwa hana nguvu ya kulia.

"Mungu wangu," alisema Damari. "Ulikuwa unaingia. Uji ulikuwa unaingia."

Uji uliteremka ukutani.

"Hata wewe hajakuona ukila," Damari alisema baadaye, bila hasira. "Mtoto anakula anachoona kinaliwa. Amezaliwa hapa. Hajawahi kuona mdomo wa mtu ukitafuna mdudu huyu, mimi najificha, baba yake anajificha, na ninyi mnakula wali. Angejuaje kuwa ni chakula?"

Asimwe aliinama kuokota kijiko, na nyuma ya jiwe la jiko akaona jani la boga lililonyauka. Juu ya jani kulikuwa na rundo dogo la senene, safi, wamenyonyolewa miguu na mabawa, hawajaguswa.

"Hawa wa nani?"

Damari aliona haya zaidi ya mwanzo. "Sijui. Nikila lazima niache. Nikiwamaliza wote, nasikia nimemwibia mtu."

"Mtu gani?"

"Ningemjua, dada, si ningempelekea?"

Asimwe alilitazama rundo lile mpaka magoti yakamuuma. Alikuwa ameliona mahali pengine. Alikuwa ameliona maisha yake yote.

3

Ma Kobusinge alikuwa amekubali kuja Chinyika kwa sharti moja: haishi pasipo mgomba. Basi kituo kilimpandia mgomba katika pipa, nyuma ya chumba chake, ukanyweshwa maji ya thamani na ukakua kwa kinyongo, majani yake yamechanika kwa upepo. Alipoletewa senene alikwenda nyuma ya pipa hilo, akawapa watu mgongo, akala. Alipomaliza aliacha rundo dogo juu ya kipande cha jani. Asimwe tangu utotoni alidhani ni mazoea ya uzee.

"Bibi, unamwachia nani?"

Bibi alikuwa anafuta vidole. "Umechelewa kuuliza. Una miaka thelathini."

"Nauliza sasa."

"Wewe ni wa kuuliza habari za senene? Wewe uliyerudi likizo kutoka shule ya mjini ukasema mbele ya babu yako kwamba unanuka kwa sababu yetu?"

"Waliniita mla wadudu, bibi. Bweni zima."

"Nawe ukawaamini." Alicheka kidogo, akampisha kwenye kibao. "Kaa. Usikae kama polisi."

Akasimulia huku akitazama jani, si mjukuu.

Nyumbani kwao senene walikuwa wa wanaume. Msimu ulipofika, wanawake na wasichana waliamka kabla ya umande kukauka, wakawakamata kwenye nyasi, wakawanyonyoa mpaka vidole vikawa kijani, wakawakaanga, wakawapeleka sebuleni kwa magoti. Mume mwema alimnunulia mkewe khanga kwa kazi hiyo. Kula, hapana. Mwanamke akila, waliambiwa, atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene.

"Na ile harufu ikuingie puani kutwa nzima," alisema bibi. "Wewe unakaanga, wao wanatafuna, nawe unasikia wanavyovunjika menoni. Hakuna njaa kama hiyo. Basi mimi na mdogo wangu tukawa wezi."

"Mdogo wako yupi?"

"Kemilembe."

Jina hilo Asimwe hakuwahi kulisikia.

"Tuliiba ukufi mmoja, tukaenda nyuma kabisa ya migomba. Mmoja anakula, mwenzake anasimama njiani kulinda. Anayekula anaacha nusu juu ya jani. Kisha tunabadilishana. Siku moja nilikula, nikaacha fungu lake, nikaenda kulinda. Nikaona vipepeo, nikavifuata. Baba mkubwa alipita. Akamkuta Kemilembe na jani mkononi." Alisawazisha jani kwa kidole. "Alipigwa mbele ya watu wote. Aliulizwa nani mwenzake. Hakunitaja. Alipelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mto, na homa ikamchukua huko kabla ya msimu mwingine. Hatukuwa watu wa kupiga picha. Waliomjua wote wamekufa. Amebaki hapa." Akagusa pua yake, akacheka tena, vibaya. "Nikisikia harufu hii, yuko pale njiani ananilindia. Ndiyo maana nawapenda hivi. Mlidhani ni chumvi?"

Asimwe alimwambia habari za Damari, za mkono unaorudi, za mtu mlangoni, za jani nyuma ya jiwe la jiko. Alimwambia habari za Nyemo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo watu wote hawa wanamwogopa baba mkubwa?"

4

"Mashine tuliiuliza nani ana hamu kubwa kuliko wote," alisema Daktari Nsajigwa. "Hatukuiuliza hamu hiyo imechanganywa na nini."

Walikuwa mbele ya kioo kinachoonyesha shina. Shina lilionekana kama mzizi uliosokotana, nyuzi za manjano na nyuzi nyeusi. Manjano ilikuwa raha. Nyeusi ilikuwa hofu. Asimwe alikuwa ameutazama mchoro huo mamia ya mara na kuuona ni mzuri.

"Tukate nyeusi," alisema.

"Kwenye nakala haikatiki. Ukivuta uzi mmoja unatoka na mwingine, wanarudi kwenye kinyaa chao, na mwezi ujao tunachimba makaburi ya watu wazima pia. Fundo linafumuliwa pale lilipofungwa." Aligusa paji la uso. "Kichwani kwake. Anavalishwa kofia, anakumbuka, na sisi tunapooza kinachouma wakati anakumbuka. Shina jipya linarushwa alfajiri inayofuata."

"Na mtoaji mwingine?"

"Kutoa punje zote, kungoja pua zipone, kuweka upya. Miezi. Nyemo wako ana miezi?"

Asimwe aliutazama mzizi. Katikati, pale nyuzi zilipokazana zaidi, kulikuwa na kifundo kisicho cha manjano wala cheusi. Hakuhitaji kuuliza.

"Kemilembe yumo humo. Tukipooza hofu, naye anaondoka."

"Anaondoka," alikubali Daktari. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Asimwe. "Mtu mmoja aliyekufa zamani, kwa watoto mia nne. Mimi nisingemweleza sehemu hiyo. Mwambie tunamwondolea hofu tu. Si uongo."

"Nitamwambia yote."

"Akikataa?"

Asimwe alichukua kofia akaondoka bila kujibu, kwa kuwa alijua jibu lake, na hakutaka kulisikia kwa sauti yake mwenyewe.

5

Alipoelezwa yote, hata habari ya Kemilembe, bibi hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Kwanza nijaribu mimi mwenyewe. Kama hofu ni yangu, nikiitoa hadharani, si na wao wataitoa? Wanisikie kwenye hizo punje zenu."

Asimwe alimweleza kuwa ndivyo ingekuwa: akila kwa amani mchana, kituo kingechukua amani hiyo na kuirusha alfajiri. Hakuna ambaye angekuwa amepoteza kitu.

Mchana, kengele ilipolia, Ma Kobusinge alitoka na khanga zake za sikukuu. Alikwenda uwanjani kwa mwendo wa bibi harusi, akaketi kando ya sinia la katikati. Asimwe akaketi mbele yake. Katika nyumba zilizozunguka, milango ilifunguka upana wa jicho. Mzee Mdachi peke yake alikuja, akaketi mbali kidogo, akageuzia uso upande mwingine kama mtu aliyewakuta wakwe zake wakioga. Damari alisimama kwenye kizingiti chake, Nyemo mgongoni.

Senene walikuwa bado wa moto. Bibi alinawa, akachukua ukufi, akauinua.

Mkono ulifika kidevuni ukasimama.

Asimwe aliona shingo ya bibi ikijaa mishipa. Aliona macho yake yakienda kwenye njia inayoingia uwanjani, ambako hakukuwa na mtu. Vidole vilianza kufunguka na senene wakadondoka mmoja mmoja juu ya sinia, wakilia kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Kula nami," alinong'ona bibi. "Asimwe. Anza wewe. Nikikuona wewe nitaweza."

Asimwe alichukua mmoja tu. Alimtazama. Alikuwa amezaliwa katika watu wanaomla, alikuwa amewafundisha wengine elfu nyingi kumla, na mkononi mwake mdudu yule alikuwa na macho. Alisikia bweni zima likicheka. Alimpeleka mdomoni, akagusa chumvi kwa ulimi. Akamrudisha kwenye sinia kabla hajatapika.

Wakabaki wanatazamana juu ya chakula kinachopoa.

"Tazama," alisema bibi, na sauti yake haikuwa na ukali. "Mwizi na mwenye maringo. Na hawa watoto wanatutegemea sisi."

Akavuta pindo la khanga, akafunika mdomo wake mtupu. Milango ilifungwa polepole. Mzee Mdachi aliinuka kwa kutegemea fimbo, akapita karibu yao.

"Mliahidi hamu," alisema kwa upole. "Hamkusema ni ya nani."

Damari alikuwa bado kizingitini. Nyemo mgongoni alikuwa ametazama yote: mikono iliyoinuka, mikono iliyoshuka. Sasa alikuwa amejua kwa hakika kwamba kile hakiliwi.

6

Asubuhi iliyofuata bibi alikubali, wakafanya kazi jua likiingia dirishani, kwa sababu bibi alisema hataki mambo ya kizani tena.

"Ningekataa," aliuliza bibi, Asimwe akiwa anamfunga kofia, "mngenifanyia kwa nguvu?"

Asimwe alikaza ukanda mmoja, akakaza wa pili.

"Nimekusikia," alisema bibi. "Usilie, utaharibu nyaya zako. Nipe mkono. Sikiliza, na usinikatize. Alikuwa na pengo hapa, jino la mbele, aliangukia kinu. Alikuwa mnene. Wimbo wowote aliuimba vibaya. Akilinda, hakusimama kwa mguu mmoja kama wasichana wengine, alichuchumaa na kuchora chini kwa kijiti, ng'ombe, kila mara ng'ombe, na sisi hatukuwa na ng'ombe. Aliniita Busi. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Fungu lake liwe kwenye jani, si kwenye sahani. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Basi ni wako."

Asimwe akawasha. Akaleta senene wa moto puani mwa bibi, kama ilivyotakiwa, na kwenye kioo mzizi ukaamka.

Bibi alifumba macho. "Nimeingia kwenye migomba," alisema. "Kuna umande. Nina ukufi wangu." Nyuzi nyeusi zikakakamaa, na Asimwe akaanza kuzipooza, uzi kwa uzi, kwa mkono uliozoea. "Yuko njiani. Naona mgongo wake. Anachora." Uzi mwingine. "Anachora kitu chini. Kuna mtoto njiani, anachora." Uzi mwingine. Kile kifundo kilianza kulegea, na kilipolegea kilitoa mwanga wa ajabu, si manjano wala nyeusi, na Asimwe alijua kwamba hapa angeweza kuacha. Vidole vyake vilisimama. Akamfikiria Nyemo, alivyomtazama kinywani. Akaendelea.

"Kuna njia," alisema bibi. Uso wake ulikuwa umelainika, umekuwa wa msichana. "Njia nzuri, nyeupe. Haina mtu."

7

Siku iliyofuata kengele ililia, na kwa muda uwanja ulikaa mtupu kama zamani. Kisha mlango mmoja ukafunguka. Kisha mwingine. Watu walitoka na mifuko yao mikononi, hadharani, wakitazamana kwa mshangao wa watu walioamka safarini na kukuta gari limefika. Wakaketi. Mtu alinawa. Mtu alitafuna, na wote wakasikia, na mtu mwingine akatania, "Kumbe na wewe meno yako yanapiga kelele hivyo?" Kicheko kilianzia hapo kikaenea mpaka kwenye mabanda.

Ma Kobusinge aliketi katikati yao, mdomo wazi, akitafuna na kusimulia kwa pamoja, chumvi kidevuni. Wanawake wa Kigogo walimzunguka kama mama yao. Hakumbuki? Alikumbuka kila kitu: migomba, khanga za mumewe, vidole vya kijani, hata utani wa bweni la Asimwe. Alikuwa mwenye furaha kuliko alivyowahi kuwa.

Damari alikuja na Nyemo akamkalisha mapajani. Hakumlazimisha. Alikula tu. Alikula taratibu, mbele ya uso wa mwanawe, na macho makubwa yale yalifuata mkono kutoka sinia hadi mdomo, kutoka mdomo hadi sinia. Baada ya muda kidole chembamba kilinyooka. Damari aliacha kupumua. Nyemo akachukua senene mmoja, akamtia kinywani, akatafuna kwa meno yake machache huku akimtazama mama.

Damari aliinamisha kichwa juu ya nywele zile za kutu, na mabega yake yakatikisika.

Asimwe aliyazunguka masinia yote, moja moja. Alitafuta kando ya kila sinia, chini ya kila ukingo. Watu walikula mpaka mwisho, wakapangusa chumvi kwa vidole. Hakuna aliyeacha kitu. Hakuna aliyesikia kwamba amemwibia mtu.

Basi akaenda nyuma ya chumba cha bibi, akakata kipande cha jani la mgomba, akarudi uwanjani. Aliketi karibu na bibi, akanawa, akachota ukufi. Aliitia nusu yake mdomoni kwa mara moja akavunja kwa meno, maji yakamtoka puani na machoni, akameza. Watu walimshangilia. "Mtaalamu kaacha wali," alisema Mzee Mdachi, na akampigia makofi mawili.

Nusu iliyobaki aliipanga juu ya jani, rundo dogo, akalisogeza kando, upande wa njia. Kwa kidole akachora vumbini, vibaya, mnyama mwenye pembe.

Bibi aligeuka, akaliona.

"Hilo la nani?"

Asimwe alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale, nyuma ya meno, pamoja na pengo na kijiti na wimbo ulioimbwa vibaya. Akilitamka, atakuwa anamweleza bibi habari za mtoto wa watu wengine, na bibi atasikitika kidogo, kama tunavyosikitikia misiba ya mbali.

"La mtu, bibi."

"Mtu gani asiyekuja na watu wote wapo hapa?" Ma Kobusinge alicheka, akanyoosha mkono juu ya magoti ya mjukuu wake. "Chakula hakiachwi, mwanangu. Tumeona njaa sisi."

Akalikusanya fungu lote kwa kiganja kimoja, akalitia mdomoni, akatafuna mbele ya watu wote, macho yakiwa njiani, na njia ilikuwa nyeupe na haikuwa na mtu.